Maji ya Ujiji, Kiu ya Mgunda Mkali

Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Bibi yake Fundi, mwanamke wa Kimanyema aliyezaliwa na kuzeekea Ujiji, amewaita wajukuu wake wawili, mmoja wa damu na mmoja wa urafiki. Amewasimulia habari za babu yake, mpagazi wa misafara ya pembe za ndovu, aliyemwacha swahiba wake mgonjwa chini ya mbuyu katika nyika ya Mgunda Mkali, upande wa Mdaburu, akiwa na nusu kibuyu cha maji. Ombi lake ni moja: wachote maji ya Ziwa Tanganyika, wayasafirishe kwa pikipiki, wakayamwage mbuyuni. Pamoja na maji watabeba hirizi ya ngozi, kwa sharti kwamba isifunguliwe njiani.

SASA ENDELEA...

Bibi aliyakataa maji ya Kibirizi.

“Kibirizi ni soko la juzi,” alisema. “Babu yangu alitua mzigo Ujiji. Choteni Ujiji.”

Kwa hiyo alfajiri tulishuka ufukoni kwa miguu, Fundi mbele akimulika kwa simu, mimi nyuma na kibuyu. Mwezi haukuwapo. Ndio usiku wanaoutaka wavuvi wa dagaa, na mitumbwi ilikuwa inarejea huku taa zake bado zinawaka. Wanawake wenye mabeseni walikwisha kujipanga, vitenge vimefungwa viunoni, wakibishana bei ya samaki ambao hawajaonekana. Pembeni mtu alikuwa anachoma migebuka. Sijui mji mwingine unaonukia hivyo saa kumi na moja ya asubuhi.

Nilivua viatu nikaingia mpaka magotini.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi wangu penye mnara wa Livingstone, chini ya miembe iliyopandikizwa kutokana na mwembe ule wa zamani, nikawaonyesha mahali Stanley alipomkuta yule mzee mgonjwa Novemba 1871. Kila mwaka hakosi mmoja wa kuuliza: “Mwalimu, si walikuwa karibu na ziwa? Ziwa liko wapi?” Hapo huwaambia kwamba ziwa lilikuwa juu zaidi enzi zile. Maji yake yana njia moja tu ya kutokea, Mto Lukuga ulioko ng’ambo ya Kongo, na mdomo wa mto huo ulikuwa umeziba kwa matope na matete. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yakauzibua. Ziwa likashuka, ufuko ukauacha mwembe nyuma, na watu wakajenga na kulima palipokuwa maji. Miaka hii ya karibuni limepanda tena na kumeza baadhi ya nyumba za ufukoni. Nilipomweleza Bibi hayo yote, naye akiwa kipofu sasa, aliuliza limefika wapi. Nikamtajia. Akasema, “Basi linarudi kuchukua chake.”

“Jaza mpaka shingoni, Mwalimu,” Fundi alinihimiza. “Tuendako hakuna wa kutuongezea.”

Nilijaza. Tukaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi na nta, nikakifunga kwa kanga ya Bibi, nikakiweka kifuani ndani ya jaketi.

Tulirudi nyumbani kwake kuaga. Alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, amejitanda, miguu ameinyoosha.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Mmechota?”

“Tumechota.”

Alinyoosha mkono akakipapasa kibuyu kifuani mwangu, taratibu, kana kwamba anatafuta kitu nyuma yake. Kisha akamwita Fundi, akamvika hirizi shingoni. Ilikuwa ndogo, ngozi yake nyeusi kwa uzee na jasho la shingo za watu waliokwisha kufa. Lakini mshono wake ulikuwa mpya. Uzi wa nailoni wa buluu, uzi wa nyavu, uleule ambao Fundi huutumia kushonea siti za pikipiki zilizochanika. Niliuona na nikajijibu mwenyewe kwamba Bibi alimwomba mjukuu wake airekebishe. Ngozi kuukuu huachia.

“Mwalimu,” Bibi aliniita nilipokwisha kuinuka. “Wewe usimwache huyu. Na yeye asikuache.”

“Hatuachani, Bibi.”

“Hata wao walisema hivyo.”

* * *

Niseme kidogo juu ya njia yenyewe, maana bila kuijua hutaelewa kwa nini mwanamke wa umri ule hakulala miaka yote hiyo.

Burton na Speke walipolifikia ziwa hili Februari 1858, baada ya kuondoka pwani Juni 1857, waliletwa na njia iliyokwisha kukanyagwa na Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu. Wao vitabu vikawaita wagunduzi. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa hadi India, aliwatumikia Burton na Speke, akarudi na Speke na Grant, akaja na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki. Yeye angalau jina lake limebaki. Lakini maelfu ya wapagazi waliobeba frasila mbili za pembe begani, kutoka hapa hadi Bagamoyo, hawana hata jiwe lenye majina yao. Nasimama mbele ya watoto nikifundisha somo hilo na moyo huniuma, kwa sababu nusu ya darasa ni vitukuu vya watu hao.

Sehemu waliyoiogopa kuliko zote ilikuwa Mgunda Mkali, nyika iliyoitenga Unyamwezi na Ugogo. Ukitoka huku kwetu, unaiingia ukishaipita Tura, unatokea Mdaburu. Msitafute vilima vya mchanga. Jangwa letu lina miti: vichaka vilivyosongamana, miiba, mibuyu, na ikifika Oktoba kijani kimekwisha na ardhi imepasuka. Huko misafara ilikuwa ikiterekeza. Watu walikunywa na kupika, wakaondoka jua la mchana likianza kuinama, wakatembea mpaka usiku, wakalala bila maji, wakadamka gizani kukikimbilia kisima cha mbele. Aliyeugua katikati ya mwendo huo hakuwa na wa kumbeba. Kila bega lilikuwa na mzigo, na mzigo ulikuwa na mwenyewe.

Ndiyo maana simulizi ya Bibi haikunishangaza. Kuachwa chini ya mti lilikuwa jambo la kawaida mno. Kilichonishangaza ni kwamba kuna mtu aliyekumbuka, na ukoo mzima ukabeba aibu ya mtu mmoja mpaka leo.

“Siku hizi Mgunda Mkali ni asubuhi moja tu,” Fundi alisema wakati tunafunga mizigo kwenye keria. Tulikuwa kijiweni kwake Mwanga, pikipiki zetu mbili zimesimamishwa kwa stendi ya katikati. Tayari alikuwa amebadilisha cheni na spoketi ya yangu, amesafisha kabureta, ameweka akiba ya tyubu, viraka, plagi na waya wa klachi. “Reli imepita huko, barabara ya Itigi imepita huko. Unajaza mafuta, unakata.”

“Mbuyu wa Bibi hauko barabarani.”

“Hilo nalo neno.” Alikaza nati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha, bila kuniangalia: “Hivi ukoo wenu, Mwalimu, mnahesabu mpaka wapi?”

“Mpaka kwa babu yake baba. Alilelewa hapahapa Ujiji na mama yake peke yake. Baba yake alitoka na msafara, mimba ikiwa changa, hakurudi.”

“Jina lake?”

“Hatulijui. Mama yule hakupenda kulitaja.”

Alikuwa amewahi kuniuliza hayohayo, nikakumbuka, mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Wavuvi walikaa bila kazi, wenye bodaboda wakakosa abiria, na fundi wa bodaboda naye akakosa wateja. Miezi ile Fundi alishinda kwa Bibi, akimsaidia kupanga makasha yake ya zamani. Jioni moja alikuja kwangu na kalamu akataka nimtajie majina ya wazee wangu. Nilidhani ni mazungumzo ya kupoteza muda.

* * *

Tuliondoka jua limeshatoka. Watu wa Kigoma husema wao ni mwisho wa reli, na ni kweli, reli ya kati ilikomea hapa mwaka 1914. Lakini aliyezaliwa Ujiji anajua kwamba kabla ya reli hapa palikuwa ndipo njia ya miguu inapofika maji. Nilitazama nyuma mara moja kwenye kilima. Ziwa lilikuwa limetandaa, jeupe kwa mwanga, na milima ya Kongo ilionekana kwa mbali, jambo ambalo halitokei kila siku wakati wa vumbi la kiangazi.

Hadi Kidahwe tuliendesha sambamba tukipigiana kelele. Michikichi pande zote, watoto wakitupungia, akina mama wa Kiha wakishuka na mashada ya ndizi vichwani. “Mwakeye!” Fundi aliwasalimia wote, hata waliokuwa mbali wasiweze kusikia. Huyo ndiye Fundi. Tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumechapwa kwa henzirani moja, na siku nilipomzika mama yangu ni yeye aliyeshuka kaburini kunisaidia kumlaza. Mtu wa namna hiyo humchunguzi uzi wa hirizi.

Baada ya Kidahwe michikichi ilipungua, miombo ikaanza. Joto nalo likaanza. Lilitoka chini kwenye lami na kupanda ndani ya suruali, na upepo wa mwendo haukupoza kitu. Nilikuwa nikikigusa kibuyu kila baada ya muda. Tulikuwa bado katika nchi yenye maji, mbele yetu Malagarasi na mabwawa yake makubwa, na tayari midomo yangu ilikuwa imekauka. Nikawa nawaza mtu anayetembea hivi kwa miezi, ana pembe begani, na huko mbele ndiko kubaya zaidi.

Kilomita chache kabla ya Uvinza kundi la ng’ombe lilivuka barabara. Fundi alikuwa mbele. Alipunguza mwendo, kundi likapita, akakaza tena mafuta. Hapo ndipo ndama aliyechelewa aliporuka kutoka kichakani kumfuata mama yake. Fundi alikata kona. Tairi la nyuma likakanyaga mchanga wa pembezoni, pikipiki ikalala, ikamburuta.

Sikumbuki nilivyosimamisha yangu. Nakumbuka kimya cha ghafla na gurudumu lake linalozunguka hewani. Alikuwa ameketi vumbini, bega limechubuka, shati limechanika toka kola hadi tumboni, macho yamemtoka. Wachungaji walikuja mbio. Nilimuuliza kama anaweza kusimama, kama kichwa kinamuuma. Hakujibu hata moja. Alikuwa anapapasa shingo yake.

“Hirizi,” alisema. “Hirizi iko wapi?”

Mmoja wa wachungaji aliiokota kwenye majani na kunipa. Ukanda ulikuwa umekatika na mshono wa buluu umefumuka upande mmoja. Niliitia mfukoni. Fundi alinitazama nikifanya hivyo, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu tukiwa watoto. Alikuwa ananiogopa.

* * *

Uvinza ni mji wa chumvi. Kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na Mto Ruchugi unapojiunga na Malagarasi, na waliochimbua masalio ya zamani wamekuta kwamba watu walikuwa wakiyachemsha maji hayo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Misafara ilipita hapa, ikalipa wakubwa wa Uvinza ili ivushwe mto kwa mitumbwi, na chumvi ya hapa ikaenda mbali kuliko watu walioichemsha. Mzee mwenye gesti tuliyofikia hakuhitaji kusimuliwa hayo. Alileta maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akamwosha Fundi bega mwenyewe, polepole, huku akimwambia pole baba, pole. Muuguzi wa zahanati akatupa dawa ya maumivu. Mfupa haukuvunjika.

Kufikia saa mbili usiku Fundi alikuwa amelala. Umeme ulikuwa umekatika. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na taa, nikachukua sindano na uzi kwenye mkoba wake wa vifaa, nikaitoa hirizi ili niishone.

Sharti la Bibi lilikuwa tusiifungue. Mimi sikuifungua, ilikuwa imefunguka. Nilipoibana ngozi ili nipitishe sindano, karatasi iliyokunjwa ikajisukuma nje.

Nilitegemea aya za Kurani, kama zilivyo hirizi nyingi. Herufi kweli zilikuwa za Kiarabu, wino wa kahawia uliofifia, mkono wa karani anayejua kazi. Lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili. Kusoma Kiswahili cha zamani kwa herufi zile kunataka subira: nilitembea neno kwa neno, nikarudi, nikajaribu tena, mpaka mstari wa kwanza ukasimama.

Lilikuwa jina la babu yake Bibi. Yeye, iliandikwa, amekiri kwamba amemuuza mtu mume, mzima, asiye na kilema wala ugonjwa, na kupokea doti kumi za merikani. Mahali: Mdaburu. Kisha jina la mtu aliyeuzwa. Kisha mashahidi.

Mzima. Asiye na ugonjwa.

Nilirudia mara nyingi nikitafuta kosa langu la kusoma. Hapakuwa na mgonjwa. Hapakuwa na nusu kibuyu cha maji. Wapagazi wawili waliotoka Ujiji pamoja, waungwana wote wawili, na mmoja akafika pwani na vitambaa. Halafu akarudi nyumbani, akaoa, akazaa, na kuivaa shingoni hati ile hadi kufa, akiwasimulia watoto habari ya ugonjwa na mbuyu.

Je, Bibi alijua?

Nilipokuwa nakunja karatasi nikahisi ni nene kupita kiasi. Ndani yake palikuwa na nyingine, mpya, imechanwa kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Kalamu ya buluu. Mwandiko huo naujua; ndio ulioandika risiti za kijiweni Mwanga miaka yote. Yalikuwa majina, moja chini ya jingine, na mshale mdogo kati yao. Juu kabisa, jina langu. Chini yake, baba yangu. Chini yake, babu yangu. Kisha yule aliyelelewa na mama peke yake. Na mshale wa mwisho ulielekea kwenye jina nililotoka kulisoma sasa hivi, kwa wino wa kahawia, la mtu aliyeuzwa Mdaburu.

“Umesoma,” Fundi alisema.

Alikuwa ameketi kitandani gizani. Sijui tangu saa ngapi.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu ziwa lilipofungwa. Nilipoisoma nilikaa siku nzima nyuma ya nyumba ya Bibi, sikuweza kuingia ndani.”

“Mwaka mzima na zaidi, Fundi. Umekula kwangu. Umecheza na wanangu.”

“Ningekwambia Ujiji usingepanda pikipiki.” Sauti yake ilikuwa nzito kwa dawa na kwa jambo jingine. “Nilitaka tufike. Nilitaka nikwambie palepale, chini ya mbuyu, halafu uamue unifanye nini. Lakini kuna zaidi. Nilitafuta watu. Nilipiga simu Manyoni, Itigi, nikauliza wazee kwa kupitia madereva wa malori. Mtu yule hakufa mtumwa, Mwalimu. Alizaa huko pia. Mna ndugu Mdaburu, na mkubwa wao anatungoja. Nilimweleza kuhusu maji. Akakataa.”

“Amekataa nini?”

“Anasema maji hayalipi. Anasema deni la mtu hulipwa kwa mtu.”

Taa ilipepesuka. Nilimtazama rafiki yangu, bega lake limefungwa, uso umechubuka, na nikaelewa kwa nini alikuwa ameniogopa barabarani, na kwa nini alikuwa amekaza nati ile kwa muda mrefu vile.

“Na bado unakwenda? Unanipeleka nikapokee, au unajipeleka ukalipe?”

Hakujibu. Alikuwa ameinua kidole akisikiliza. Nje pikipiki ilizimwa. Hatua zikaja ubarazani, nzito, za mtu asiye na haraka, zikasimama mbele ya chumba chetu. Mlango ukagongwa, na sauti ya mwanamume nisiyemfahamu ikaniita kwa jina langu, ikaongeza la baba yangu, la babu yangu, la babu yake baba, kisha ikalitaja na lile la mwisho, ambalo mpaka usiku ule hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kulisikia.

ITAENDELEA WIKI IJAYO